Glenda Mawer na Mke Mwenza wa Chuma

Glenda Mawer aliolewa na fundi wa mashine za kufulia, na baada ya miaka michache akajikuta na mke mwenza mwenye uzito wa tani moja na nusu. Mke mwenza huyo hakuja siku moja. Alikuja vipande vipande. Yalitangulia magurudumu, kumi kamili, yakapangwa chini ya meza ya chakula, na mwaka mzima kila mgeni aliyekula pale alikula amekaa upande. Ikafuata dohani, ikapewa bafu. Ikaja kengele ya shaba, na hiyo mumewe Ray aliiweka kando ya kitanda, upande wake, eti aizoee.

"Uizoee kwa lipi?" Glenda akamuuliza. "Imekuja kulala?"

Ray akaigonga kwa kijiko cha chai, akafumba macho kusikiliza. Glenda akaenda zake kazini.

Huyo Ray hakuwahi kufika Marekani. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya meli ya kwenda Calais, ng'ambo tu Ufaransa, akatapika kwenda na akatapika kurudi. Lakini utotoni alipewa picha ya treni ya Wamarekani, na picha hiyo ikamharibu akili moja kwa moja. Akataka injini yenye dohani nene, taa kubwa usoni, kengele mgongoni, na kule mbele fito za chuma za kusukumia ng'ombe waliosimama njiani. Ufukweni Skelsby, mji wao wa Uingereza, ng'ombe hakuna. Kuna punda wa kubebea watoto, nao wana adabu kuliko watu wazima wanaowapanga foleni. Haidhuru, Ray alizitaka fito zake za ng'ombe, na siku alipozifunga alimwita Glenda gereji aje atazame. Glenda alitazama, akasema ni nzuri, akauliza bafu lake atarudishiwa lini.

Miaka ishirini na miwili ilikwenda hivyo. Jina la injini likawa Laramie, mji ambao Ray aliuchagua kwenye ramani kwa sababu ulikuwa karibu na kidole chake. Na kwa miaka yote hiyo aliyeshika tochi ni nani? Glenda. Aliyekaza nati upande wa pili ni nani? Huyo huyo, mikono yake ikiwa midogo na inaingia palipokuwa hapaingiliki. Alijua kila bomba linatoka wapi na linakwenda wapi. Lakini Laramie alipokamilika na kupelekwa kwenye reli ndogo ya ufukweni, yeye alipelekwa kwenye kibanda cha chai.

Ndivyo mambo yalivyo kwenye reli ile. Ni reli ya mchezo, upana wake futi moja kasoro, inazunguka bwawa la bata, inapita nyuma ya vyoo vya umma na kurudi stesheni. Wanaoiendesha ni chama cha wastaafu wa kujitolea, wanaume ambao nyumbani hawajui sabuni inakaa wapi, lakini pale wanasugua shaba tangu saa moja asubuhi bila kutumwa. Wanaume wanaendesha, wake zao wanakata keki. Hakuna aliyeandika kanuni hiyo, na kila mtu aliifuata. Glenda, ambaye alikuwa mpishi mkuu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja, aliyepikia watoto mia tatu kila siku kwa masufuria ya mvuke, alipewa birika la umeme na kuoneshwa namna ya kuliwasha.

Sasa kuna kilima. Skelsby ni tambarare kabisa, lakini nyuma ya vile vyoo ardhi imeinuka kidogo, labda kimo cha mtu aliyevaa kofia, na reli inapanda hapo. Wenyewe wanapaita Everest. Injini nyingine za chama zilipanda bila maneno. Laramie, pamoja na kengele yake na taa yake, akiwa na mabehewa manne yaliyojaa, hakuwahi kupanda bila kusimama hata mara moja. Ray alikuwa fundi hodari wa kutengeneza na dereva mbovu wa kuendesha, na hilo lilijulikana kuanzia mwenyekiti hadi bata. Akikwama katikati ya mlima aligeuka nyuma na kuwatangazia abiria kwamba wamesimama ili wapige picha. Abiria wakapiga picha za ukuta wa choo. Kule kwenye kibanda cha chai akina mama walisikia pumzi za Laramie zinavyozidi kuwa chache, halafu kimya, na wote kwa pamoja wakaanza kutazama vikombe vyao. Glenda alikuwa anajua tatizo ni nini. Ray alishindilia makaa mengi mno, moto ukakosa hewa. Mpishi yeyote angemwambia, na yeye hakumwambia, maana Jumapili ilikuwa siku pekee ambayo Ray alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Ray alifariki mwezi wa Novemba, kwenye foleni ya samaki na chipsi, akiwa mtu wa tatu kutoka kaunta. Waliokuwa nyuma yake, nasikia, walisita kwa heshima kabla ya kusogea mbele. Glenda alilia siku nne. Siku ya tano akavuta droo na kukuta karatasi ambayo Ray alikuwa ameiandika kwa kalamu ya risasi ya fundi: *Nikifa nitieni kwenye jiko la Laramie, nitokee juu.*

Kwa watu wa injini za mvuke hilo si jambo la ajabu. Mtu akishachomwa, jivu lake hurudishwa kwa familia, na wenzake wakipenda wanalitia kwenye moto wa injini, honi inapigwa, na marehemu anatoka kwa dohani akiwa na haraka zake. Kwenye injini kubwa mtu mmoja haonekani hata kidogo. Jiko la Laramie, kwa upande mwingine, halizidi jiko la kuokea mikate, na binadamu mzima akishakuwa jivu ni kilo tatu. Walishawahi kujaribu. Marehemu Wilf Stamper alitiwa mzima kwa mkupuo kwenye injini ya buluu ya chama, akauzima moto papo hapo, na treni ikasimama saa nzima na dakika kumi juu ya Everest, mjane ndani, padri ndani, mvua inanyesha. Tangu siku hiyo kamati ikapiga marufuku.

Aliyekuja kumkumbusha Glenda marufuku hiyo alikuwa Desmond Pocklington, mwenyekiti wa chama, mstaafu wa ofisi ya vibali vya kuegesha magari. Alikuja na keki ya ndizi mkono mmoja na kanuni za chama mkono wa pili, kila ukurasa ndani ya plastiki yake.

"Pole sana, Glenda mama. Ray alikuwa rafiki yangu miaka thelathini."

"Asante, Desmond. Kaa."

"Siwezi kukaa sana. Kuna mambo mawili." Akafungua plastiki. "La jivu, hapana. Unakumbuka ya Wilf."

"Nakumbuka. Nilikuwa nampitishia mjane wake chai dirishani."

"La pili ni banda. Injini ya mtu binafsi inakaa bandani mwetu kama mwenye nayo ni dereva aliyepasishwa. Mwenye nayo sasa ni wewe, na wewe si dereva. Kwa hiyo mpaka Pasaka, basi, itabidi..." Akaitazama keki yake. "Shemeji yake Ray wa Doncaster ana baa. Nimesikia ana bustani. Wanaweza kupanda maua ndani yake, ikapendeza."

Glenda alijua vizuri kwamba Desmond ana injini yake ya kijani inayoozea kwenye ghala la dada yake, na kwamba ameisubiria nafasi bandani miaka tisa. Hakumlaumu. Angekuwa yeye, angefanya vivyo hivyo, ila keki angeoka nzuri zaidi.

"Na nikifanya mtihani?" akauliza.

"Mtihani wa nini?"

"Wa udereva, Desmond. Wa kupika nilishafaulu."

Desmond akafunga plastiki yake taratibu. Alitafuta kanuni inayokataza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuipata.

Basi majira yote ya baridi Glenda alijifunza. Aliyemfundisha ni Colin Odling, gadi wa treni, aliyewahi kuendesha mabasi ya mji hadi magoti yakamkataa. Walitumia ile injini ya buluu, kwa kuwa Laramie alikuwa hajakaguliwa boila na mkaguzi angekuja Machi. Colin hakuwa mwalimu wa maneno mengi.

"Mama, wewe huu moto unauchukuliaje?" alimuuliza wiki ya tatu, akitazama geji ya mvuke imetulia palepale kwenye mstari mwekundu wa kiwango kamili. "Mimi nimefundisha wanaume kumi na wawili hapa na wote walitaka kuupiga ngumi."

"Naupikia uji," Glenda akasema. "Mwembamba, na hukai mbali nao."

Mtihani ukapangwa Jumamosi moja kabla ya Pasaka, mizunguko mitatu, na wa mwisho ukiwa na mabehewa yote manne na abiria. Kusimama njiani na abiria bila sababu, umefeli. Kwa Laramie siku hiyo ingekuwa mara ya kwanza kuwashwa mwaka ule, na Glenda akifeli ingekuwa ya mwisho Skelsby. Ndipo wazo likamwingia na likakataa kutoka. Kama Ray atapita kwenye lile jiko, ni siku hiyo au basi. Akingoja hadi matokeo, anaweza kujikuta anamtia kwenye bustani ya baa Doncaster, pamoja na maua.

"Utajiponza," Colin alimwambia.

"Nitamtia kidogo kidogo. Upawa kwa upawa, katikati ya makaa. Hata hamtamwona."

"Na Desmond atakuwa amekaa nyuma yako kama mbwa wa polisi."

"Desmond anatazama karatasi. Desmond hajawahi kutazama kitu kingine."

Jumamosi ikafika, upepo wa bahari umetulia, jua la kuzugia. Ray alikuja mtihanini ndani ya kopo kubwa la unga wa kastadi, lile la jikoni shuleni, limefunikwa na koti la mvua karibu na miguu ya Glenda. Upawa nao ulikuwa wa shuleni. Glenda alivaa ovaroli ya Ray aliyoipunguza miguu. Akaketi kwenye kiti cha dereva nyuma ya jiko.

Mzunguko wa kwanza, Laramie peke yake na mwenyekiti kwenye behewa moja. Glenda alitia makaa, akatia upawa mmoja wa mume, akatia makaa tena. Geji haikujua kitu. Mzunguko wa pili, mabehewa mawili, upawa wa pili, wa tatu, wa nne. Hapo dohani ikaanza kutoa moshi wa rangi isiyo yake, kijivu cheupe, na moshi ule ulipopoa ukashuka pole pole juu ya kofia ya mwenyekiti, juu ya mabega yake, juu ya ubao wake wa kuandikia. Desmond akafuta miwani. Akafuta tena. Akalamba mdomo wake wa juu, na Glenda, aliyekuwa amegeuka kutazama reli ya nyuma, akaona na akatamani ardhi ipasuke.

"Makaa gani haya?" Desmond akauliza.

"Ya nje," Glenda akasema. "Wales wamefunga migodi, unajua mwenyewe."

"Takataka tupu," Desmond akasema, akaandika.

Mzunguko wa tatu yakafungwa mabehewa yote manne. Abiria walikuwa wanachama, wake zao na vikombe vyao vya chai, na familia kadhaa zilizokuwa zinapita na koni za barafu zikaambiwa zipande bure. Mama mmoja mnene aliyevaa miwani ya jua akauliza kama treni inafika vyooni. Colin akamjibu kwamba inafika, ila haisimami, na akipenda ayatoe malalamiko yake kwa maandishi. Bendera ya kijani ikapepea. Glenda akavuta mkono wa mvuke, Laramie akapiga pumzi nne nzito na kuondoka.

Ray alikuwa amebaki nusu kopo. Glenda alipanga kumgawa mara tatu: daraja la bwawani, uwanja wa mchezo wa kuviringisha matufe, na upawa wa mwisho baada ya Everest, kwenye mteremko, ambako hata moto ukilegea treni inashuka yenyewe. Mpango mzuri. Pale darajani akafungua mlango wa jiko kwa mguu, akalinyanyua kopo kwa mkono wa kushoto achote kwa wa kulia, na palepale magurudumu ya mbele yakapita kwenye maungio ya reli, yale ambayo kamati imekuwa ikiahidi kuyarekebisha tangu enzi na enzi. Laramie akaruka kidogo. Kopo likainama. Ray Mawer, kilo moja na nusu yake, akaingia jikoni mzima mzima kwa sauti ya kutulia, kama anayekaa kwenye kochi lake.

Glenda akachungulia. Palipokuwa na moto mwekundu palikuwa na blanketi la kijivu. Sehemu mbili tatu zikawaka kwa shida, zikazimika.

"Ray," akasema kwa sauti ya chini, "we mwanamume."

Geji ilikuwa mia na kumi. Ikawa mia. Akafungua kipulizo, ule mvuke mwembamba unaovuta moto kupitia dohani, na ukavuta jivu tu. Nyuma akasikia watu wanakohoa na mke wa mtu analalamika kuhusu chai yake. Tisini. Kioo cha maji nacho kilikuwa kinashuka, na akiingiza maji baridi boilani mvuke ungeshuka zaidi. Uwanja wa matufe ukapita. Wazee wanaocheza pale waliinua vichwa, wakaisikiliza injini, wakatazamana. Walikuwa wanaijua sauti hiyo.

Themanini. Mbele yake ukuta wa vyoo ukatokea, na reli ikaanza kuinuka.

"Glenda," Desmond akaita, "ukitaka kusimama, simama sasa hapa chini. Ukikwama katikati na watu nitakuwa sina la kufanya."

"Nikisimama hapa nimefeli?"

"Umefeli," Desmond akasema, na kusema kweli hakuonekana kufurahi.

Mkono wa Glenda ulikuwa umeshafika kwenye mkono wa mvuke kuufunga. Aliona Laramie amejazwa udongo mpaka shingoni, ua la waridi limetokeza kwenye dohani, na walevi wa Doncaster wanazimia sigara zao kwenye taa. Na akagundua, kwa aibu kubwa, kwamba anayemlilia si Ray. Anaulilia huu mkono wa chuma uliomo kiganjani mwake. Alikuwa ameutaka miaka thelathini na mitano, kila alipokuwa ameshika tochi, kila alipowasha birika. Alikuja leo kumzika mumewe, hivyo ndivyo alivyomwambia kila mtu na yeye mwenyewe, na sasa hivi hapa angetoa chochote mumewe atoke humo jikoni amwachie nafasi.

Na kulikuwa na njia ya kumtoa. Injini za Kimarekani zina kitu ambacho wenzake Ray walikicheka sana kwenye baa: chanja la jiko linalotikisika. Kwenye injini za Waingereza dereva anachokora moto kwa fimbo hadi mgongo umuume. Mmarekani anavuta wenzo, fito za chanja zinapinduka kama viganja, na uchafu wote unaanguka chini. Ray alilitengeneza kwa wiki nne za Februari, Glenda amelala chini ya injini na tochi mdomoni, na tangu siku hiyo Ray hakuligusa kwa kuogopa kulivunja. Glenda alijua wenzo uko wapi. Alijua pia kwamba kwanza unafungua sinia la majivu lililo chini, la sivyo yote yanajaa hapo hapo na moto unakabwa moja kwa moja.

Akafungua sinia kwa kisigino. Akashika wenzo wa chanja kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mpenzi," akasema. "Nina watu nyuma."

Akavuta. Akasukuma. Akavuta tena. Chini ya miguu yake kikaanguka kitu kizito na laini, na Ray Mawer, mwanzilishi wa chama, akashuka kwenye mataruma nyuma ya choo cha wanaume, kati ya karatasi za chipsi, pamoja na robo ya moto. Mabehewa manne yakampita juu moja moja. Colin, kwenye behewa la mwisho, aliona fungu la kijivu lenye makaa mekundu linafuka moshi katikati ya reli, akavua kofia, kisha akakumbuka wajibu wake na kumwagia ndoo ya maji ya dharura.

Jiko likapumua. Hewa iliingia kwa chini kwa mkoromo, makaa yaliyosalia yakageuka kutoka mekundu kuwa ya manjano, na Glenda akatupa makaa mapya kiganja kwa kiganja, membamba, akiyasambaza pembeni kama anavyonyunyiza unga kwenye meza. Geji ilikuwa sitini na tano. Laramie alikuwa anapanda kwa mwendo wa bibi anayerudi sokoni. Pumzi moja. Nyingine. Katikati kabisa ya Everest, pale ambapo Ray aligeuka kutangaza picha, magurudumu yakateleza na watu wakashika viti vyao. Glenda akapunguza mvuke kidogo sana, akangoja magurudumu yashike, akaongeza. Yakashika. Sitini na nane. Sabini na mbili. Mama wa miwani ya jua aliuliza mbona haisimami na choo kile pale. Kisha kengele ya Laramie ikaanza kulia yenyewe kwa kutikisika, maana pua ilikuwa imeshainama upande wa pili.

Kule kwenye kibanda cha chai, wameniambia waliokuwepo, akina mama waliobaki walishaviinamia vikombe vyao kwa mazoea, wakingoja ule ukimya. Haukuja. Wakainua macho wakatazamana.

Stesheni, Desmond alishuka mwisho. Abiria walikuwa wamekwenda zao, wanajipangusa. Mwenyekiti alikuwa mweupe kuanzia kofia hadi viatu. Alijitazama bega la kulia, akalipangusa kwa kidole kimoja, akakitazama kidole.

"Huyu ni Ray?"

"Sehemu," Glenda akasema. Hakuona faida ya kudanganya tena.

Desmond akatoa leso, akafuta kidole kwa uangalifu, akaikunja leso na kuirudisha mfuko wa kifuani badala ya ule wa suruali. Akainua kalamu, akaishusha, akaiinua tena. Injini yake ya kijani ilikuwa ghalani kwa dada yake, kuku wanataga ndani.

"Kanuni inasema jivu la binadamu lisitiwe jikoni," akasema mwishowe. "Mimi sikuona mtu akitia. Nilichoona ni mtu akitoa." Akaandika, akasaini, akachana nakala. "Umepita. Na ile injini nimeijua miaka kumi na mitatu, Glenda. Leo ndiyo mara ya kwanza naiona imepanda pale na manne bila kusimama."

Akaondoka kwenda kutafuta chai. Colin akampiga Glenda begani mara mbili, akaenda kumwaga maji kwenye ndoo.

Glenda akabaki na karatasi mkononi. Furaha ilimpanda ghafla hadi akacheka peke yake pale kwenye kiti, akashuka akaifuta taa ya Laramie kwa mkono wa ovaroli, akaikunja karatasi mara nne. Halafu akachukua ufagio mdogo na kizoleo, akafuata reli kwa miguu mpaka nyuma ya vyoo.

Fungu lilikuwa limelowa na kupoa. Lipi jivu la makaa na lipi la Ray, hata mkaguzi wa serikali asingeweza kusema. Mbwa wa mtu alikuwa ameshapita na kuacha alama yake. Glenda akachuchumaa na kizoleo chake, akaanza kuzoa, kisha akaacha, maana kulikuwa na jambo limemjaa kifuani ambalo lazima lisemwe kwanza.

"Imepanda," akamwambia. "Manne, yamejaa, bila kusimama. Kumbe haikuwa injini, Ray. Injini haina kosa lolote. Ni wewe. Unashindilia makaa kama unajaza gunia. Moto unatakiwa mwembamba, hewa ipite chini, utie kidogo na mara nyingi, pembeni kwanza halafu katikati. Na lile chanja ulilolitengeneza ni zuri ajabu, mjinga wewe, ungelitumia. Nilikuwa najua tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa najua na nikakaa kimya."

Alieleza yote, kuanzia makaa hadi maji, hatua kwa hatua, bila kuruka kitu. Katika miaka arobaini na mitatu ya ndoa Ray hakuwahi kumwacha amalize maelezo ya jambo lolote lile. Sentensi ya pili tu alikuwa ameshadakia. Sasa alimaliza. Akafika mwisho kabisa, akawa hana la kuongeza, akanyamaza ili Ray amjibu kwamba hajui anachokisema.

Akangoja. Upande wa pili wa ukuta mtu akavuta maji ya choo. Glenda akaketi pale pale kwenye reli, kizoleo mapajani, akalia kwa sauti.